Umbali Unaficha, Haufungi

Kuna rai iliyoenea miongoni mwa wasomaji wa riwaya za kisayansi na watazamaji wa filamu, na imefika hadi kwenye vibanda umiza vya Nachingwea na Ruangwa. Inasema kwamba siku moja mataifa yatawapeleka wahalifu sugu angani, Mwezini au kwenye sayari ya Mirihi, na kwamba kinachosubiriwa ni muda tu. Wanaoisema ni watu makini, na baadhi yao wamesoma sana. Mimi naipinga tangu msingi wake. Kabla ya kuipinga, nitaieleza kama wenyewe wanavyoieleza.

Wanasema magereza ya duniani yamejaa na yanakula kodi. Angani hakuna pa kutorokea, kwa kuwa utupu ni ukuta usiotoboka wala kuhongwa. Huko kuna kazi ngumu za kuchimba madini na kujenga makazi, kazi ambazo watu huru hawatazitaka, na jasho la wafungwa litarudisha fedha zilizotumika. Wanaleta ushahidi wa historia: Uingereza ilianza kupeleka wafungwa Australia mwaka 1788, na leo Australia ni nchi tajiri. Wanasema pia kwamba roketi zinazidi kuwa nafuu, na kwamba kumpeleka muuaji mbali ni huruma kuliko kumnyonga. Mwisho wanakumbusha kwamba waandishi wa bunilizi wametabiri mengi. Arthur C. Clarke alieleza setilaiti za mawasiliano mwaka 1945, na leo tunazitumia kila siku. Basi kwa nini waandishi wakosee kuhusu magereza?

Zikisomwa kwa haraka, hoja hizo zinashikana. Ukizipima moja moja utaona zinakanushana, na vipimo vyake havihitaji kuagizwa kutoka mbali. Kusini hii ya Tanzania, pamoja na majirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma na wa pwani ya kaskazini, imekwisha kuonja kila sehemu ya wazo hili isipokuwa roketi yenyewe.

1. Gharama iko njiani

Anayedhani kwamba mahali pa mbali ni rahisi kwa kuwa ardhi yake ni ya bure, aanze na Nachingwea. Mwaka 1946 Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kuchunguza kilimo kikubwa cha karanga. Mpango uliotokana na ujumbe huo ulikusudia ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika, zisafishwe kwa miaka sita kwa pauni milioni 25. Maeneo yaliyoanzwa nchini yalikuwa Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Kwenye karatasi, ardhi ilikuwa tele na haikuwa na bei.

Ilipofika zamu ya kusini, mpango ulikutana na njia. Ilibidi reli ijengwe kutoka pwani ya Lindi hadi Nachingwea, kisha bandari ya kina kirefu ijengwe Mtwara na kuunganishwa na reli hiyo. Kila trekta, kila pipa la mafuta na kila kipuri kilitoka ng'ambo ya bahari, kikashushwa pwani, kikapandishwa bara. Mashine iliyoharibika ilisubiri kipande kinachosafiri kwa meli. Mwanzoni mwa 1951 mpango ulifutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa, kwa kuwa mzigo uliojengewa haukuja.

Kumbuka kwamba Nachingwea ilikuwa na hewa, mvua, miti ya kujengea, muhogo mashambani na ming'oko porini. Wafanyakazi walikuja kwa miguu yao, wakiwa huru na wakilipwa ujira. Kwa mstari ulionyooka, Bahari ya Hindi haiko hata kilomita 200 kutoka hapa. Pamoja na hayo yote, usafirishaji ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoutafuna mpango uliokuwa na nguvu yote ya dola ya kikoloni nyuma yake.

Mwezi uko kilomita zipatazo 384,000 kutoka duniani, na hauna hewa wala mvua. Mtu mmoja anahitaji karibu kilo 0.84 za oksijeni kwa siku. Wafungwa 1,000 watatumia kilo 840 za oksijeni kila siku, kabla ya chakula, maji, dawa, nguo na vipuri vya mashine inayoitengeneza hewa hiyo. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kimegharimu zaidi ya dola bilioni 100, na kwa kawaida kinakaliwa na watu saba. Mitambo yake imefikia kiwango cha kurudisha asilimia 98 ya maji, hata yale ya mkojo na jasho, lakini chakula na vipuri bado vinatoka duniani.

Wanaojibu kwamba wafungwa watalima huko huko watazame jaribio lililofanyika Arizona, Marekani, kuanzia 1991. Watu wanane waliochaguliwa kwa uangalifu walifungiwa kwa miaka miwili ndani ya jengo la kioo lenye mashamba, msitu na bahari ndogo. Oksijeni ilishuka kutoka karibu asilimia 21 hadi asilimia 14 hivi, ikabidi nyingine iingizwe kutoka nje. Kilichowaokoa ni kwamba nje ya kioo kulikuwa na dunia.

Hoja ya roketi nafuu nayo haitoshi. Gereza la Mwezini halishindani na roketi ya jana. Linashindana na gereza la Lindi. Mtambo utakaoweza kuwalisha na kuwapa hewa watu 1,000 kwa bei ndogo pale pasipo na kitu, utafanya kazi hiyo hiyo kwa bei ndogo zaidi hapa penye hewa na udongo. Kwa hiyo kila maendeleo ya mtambo huo yanayopunguza gharama ya kumfunga mtu angani yanapunguza pia gharama ya kumfunga duniani, na gereza la duniani linabaki nafuu zaidi.

2. Kazi ya mfungwa hailipi nauli yake

Hoja ya pili inasema mfungwa atachimba na kulima mpaka arudishe gharama. Ng'ambo ya Ruvuma jambo hili lilijaribiwa. Mwaka 1983 serikali ya Msumbiji iliendesha operesheni ya uzalishaji, ikawakamata katika miji yake watu iliowaita wasiozalisha na kuwapeleka kwa makumi ya maelfu mikoa ya mbali, wengi wao Niassa. Walishushwa porini bila zana za kutosha, bila chakula cha kutosha na bila ujuzi wa ardhi ile. Wengi walikufa, wengine walipotea wakitafuta njia ya kurudi. Niassa haikugeuka ghala la taifa. Na Niassa ina mvua nzuri.

Mwaka huo huo hapa kwetu ilipitishwa sheria ya Nguvu Kazi, na Dar es Salaam watu walizolewa mitaani wakapelekwa mashambani. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi. Mtu asiye na jembe lake, jamaa zake wala sababu ya kubaki hageuki mkulima kwa kushushwa kwenye lori.

Kisha tazama aina ya kazi yenyewe. Anayeyajua madini ya kinywe ya Ruangwa anajua kwamba mgodi haukwami kwa kukosa mikono. Mgodi unadai umeme, barabara, mtaji, maji, mafundi wa mitambo na wapimaji wa miamba. Angani madai hayo yanazidi, kwa sababu kila saa ya kutoka nje ni saa ndani ya suti ya gharama kubwa, na kosa dogo linaua. Kazi ya namna hiyo inahitaji mtu aliyefunzwa kwa miaka na anayetaka kuifanya vizuri. Mtu aliyelazimishwa ndiye wa mwisho kufaa. Ikiwa mashine ndizo zitakazochimba, hakuna sababu ya kupeleka wafungwa. Ikiwa mashine hazitoshi, wafungwa wasio mafundi hawataziba pengo hilo.

Waandishi wenyewe wameliona hili, na wanaowanukuu wanaliruka. Robert Heinlein, katika riwaya yake ya 1966 kuhusu Mwezi uliogeuzwa mahali pa kupeleka wafungwa, aliwafanya wakazi wake walime ngano na kuirusha duniani. Kiini cha hadithi ni kwamba kila shehena inaondoka na maji ambayo Mwezi hauwezi kuyapata tena, na hesabu inaonyesha njaa ikija baada ya miaka michache. Katika filamu ya tatu ya Alien, ya mwaka 1992, sayari ya wafungwa ina kiwanda kikubwa cha kuyeyusha madini ambacho shughuli zake zimekwisha kufungwa, na wamebaki watu wachache tu wa kukilinda. Hadithi zinazotajwa kama uthibitisho zinasimulia miradi iliyoshindwa.

3. Australia haikuwa jangwa la utupu

Mfano wa Australia unaanguka mara unapoulizwa wafungwa wale walikuta nini. Walikuta hewa, mito, samaki, miti na udongo. Walikuta pia watu walioishi pale kwa makumi ya maelfu ya miaka, wakanyang'anywa ardhi yao, na unyang'anyi huo ndio mtaji ulioijenga koloni. Hata hivyo miaka ya mwanzo ilikuwa ya njaa, na katika msafara wa pili wa meli, mwaka 1790, karibu robo ya wafungwa walikufa njiani. Kuanzia 1788 hadi 1868 walipelekwa watu wapatao 162,000. Waliomaliza vifungo waliweza kulima shamba, kufuga, kuoa na kusahau.

Mirihi haina shamba la kunyang'anya. Hewa yake haifiki asilimia moja ya mgandamizo wa hewa yetu, na karibu yote ni kaboni dioksidi. Mwezini usiku mmoja unachukua karibu wiki mbili zetu, kwa baridi inayoshuka zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri. Anayeitaja Australia anautaja utajiri wa ardhi yenye uhai, kisha anauhamishia kwenye mwamba usio na uhai. Hesabu yake imebeba kitu ambacho huko hakipo.

4. Ukuta usiohongwa unamfunga na askari

Hapa ndipo hoja za upande wa pili zinapogongana wazi. Wanasema utupu unazuia kutoroka, tena wanasema wafungwa watafanya kazi. Ndani ya chombo kilichofungwa, uhai wa wote unategemea milango, mabomba, nyaya na vichujio. Mfungwa mwenye spana anaweza kuua kituo kizima kwa dakika chache, akiwemo mkuu wa gereza. Asiporuhusiwa kufanya kazi, hazalishi, na hoja ya jasho imekufa. Akiruhusiwa kuigusa mitambo, maisha ya walinzi yamo mkononi mwake, na hoja ya ukuta imekufa. Hakuna njia ya tatu.

Gereza lolote duniani linasimama juu ya ukweli ambao kila askari magereza anaujua: wafungwa ni wengi kuliko walinzi, na utulivu unatokana na wafungwa kukubali kuishi hadi siku ya kutoka. Siku hiyo ndiyo inayomfanya mtu avumilie. Ukiiondoa, unabaki na watu wasio na cha kupoteza ndani ya nyumba ambayo ufa mmoja unawamaliza wote. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Serikali iliyo umbali wa miezi saba ya safari haitazima fujo yoyote Mirihi. Itapokea habari tu.

Askari naye ni mwili. Katika hali ya kukosa uzito mifupa hupoteza asilimia moja hivi ya uzito wake kwa mwezi, na mionzi ya angani haichagui kati ya aliyevaa sare na aliyevaa nguo za mfungwa. Kila mlinzi atahitaji hewa, chakula na nauli sawa na anayemlinda, pamoja na mshahara na zamu ya kurudi nyumbani. Anayehesabu wafungwa peke yao amehesabu nusu.

5. Hukumu isiyo na mwisho

Wanasema ni huruma kuliko kunyonga. Basi tuipime kwa kipimo cha hukumu zetu. Ibara ya 13(6) ya Katiba ya Tanzania inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na ya kukata rufaa, na inakataza adhabu za kinyama na za kudhalilisha. Rufaa inataka nakala ya hukumu imfikie mfungwa, wakili amwone, na mahakama ikimwachia aachiwe. Nafasi nzuri ya kusafiri kati ya dunia na Mirihi hupatikana mara moja kila miezi 26 hivi. Mtu aliyeonekana hana hatia anaweza kukaa zaidi ya miaka miwili akisubiri chombo, kisha asafiri miezi mingi, ikiwa chombo kitatumwa kwa ajili yake. Nani atalipa roketi ya mtu mmoja aliyeshinda rufaa?

Kwa hiyo kifungo cha miaka mitatu kitageuka cha maisha bila hakimu yeyote kukitamka. Heinlein alilisema hili waziwazi: katika riwaya yake mwili wa anayekaa Mwezini hubadilika mpaka hawezi tena kustahimili uzito wa duniani. Wengi wa wakazi wake si wafungwa. Ni waliomaliza vifungo, na ni watoto waliozaliwa huko bila kosa lolote. Wamerithi adhabu. Anayetetea wazo hili aseme wazi kama yuko tayari kumhukumu mtoto ambaye bado hajatungwa mimba.

Kuna pia mahabusu. Katika magereza yetu, kwa miaka mingi, wamekuwa karibu nusu ya waliomo, watu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Msongamano unaotolewa kama sababu ya kupeleka watu mbali unatokana kwa sehemu kubwa na upelelezi usiokamilika na dhamana zisizopatikana. Tatizo la mafaili halitatuliwi kwa roketi.

6. Kinachopungua ni mashahidi

Kama umbali hauleti akiba, hauleti kazi, hauleti usalama wala huruma, kwa nini tawala zimeupenda siku zote? Kwa sababu unaondoa macho. Hiki ndicho kitu pekee ambacho mahali pa mbali pamewahi kukitoa kwa uhakika.

Waingereza waliwapeleka Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro visiwa vya Shelisheli baada ya kuwakamata mwaka 1899. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafia Jinja kabla ya kufika kwao. Hawakuwa na jinai ya kurekebishwa kwa kazi. Walitengwa na watu wao.

Hola, kwenye Mto Tana nchini Kenya, ilikuwa kambi ya wafungwa wa vita vya Mau Mau pamoja na mradi wa umwagiliaji, yaani gereza la uzalishaji kamili kama wanavyolitaka watetezi. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa waliokataa kuchimba mifereji walipigwa, na 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo uliwezekana kwa sababu Hola ilikuwa mbali na Nairobi. Ulivunjika kwa sababu haikuwa mbali vya kutosha: daktari aliweza kuwafikia maiti, na habari ikalifikia bunge la London. Ingekuwa Mwezini, maelezo ya maji yangekuwa ndiyo historia.

Nachingwea nayo ilishuhudia. Mwaka 1975, kabla ya uhuru wa Msumbiji, katika kambi ya hapa ya FRELIMO, chama kilichoupigania uhuru huo, Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wake, na wenzake walisimamishwa mbele ya umati wakasoma maungamo. Umati uliwaona na kuwasikia. Baadaye walivushwa Ruvuma na kupelekwa kambi ya M'telela, Niassa. Huko hakukuwa na umati. Waliuawa bila mahakama, na kwa miaka mingi familia zao hazikuambiwa. Tofauti kati ya Nachingwea na M'telela ilikuwa idadi ya macho.

Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unaiwajibisha nchi kwa vitendo vyake angani, hata vya kampuni binafsi. Mkataba huo ni mzuri kwenye karatasi. Uwajibikaji unahitaji mtu wa kwenda kuona, na hakuna mama atakayepanda basi asubuhi na ndoo ya chakula kwenda kumtazama mwanawe Mirihi.

Kuhusu utabiri

Inabaki hoja ya Clarke. Setilaiti zilitimia kwa sababu kila hatua yake ilikuwa na faida, na kwa sababu chombo hakili wala hakipumui. Afrika Mashariki iliona hilo mapema: kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kupima miale ya eksirei. Gereza la angani halina hata hatua moja ya kwanza inayolipa.

Nazithamini riwaya hizi kwa kile zinachokijua kweli. Katama Mkangi, aliyewekwa kizuizini bila kesi nchini Kenya mwaka 1986, alichapisha riwaya ya Walenisi mwaka 1995. Dzombo, mhusika wake, anahukumiwa na kutiwa ndani ya chombo cha kumpeleka kwenye kifo chake angani. Mkangi hakuwa akiandika makadirio ya bajeti ya magereza. Alikuwa akisema jinsi dola inavyotamani kumfanya mtu aondoke duniani bila kuacha kaburi la kuulizia. Anayeisoma kama mpango wa kutekelezwa amejiunga na upande wa waliomhukumu Dzombo.

Ninalisisitiza hili kwa sababu wazo lenyewe halingoji roketi. Linasemwa kila siku kwa sura ndogo: vibaka wapelekwe porini, wazururaji wapelekwe mashambani, wasumbufu wapelekwe kisiwani. Kila anayesema hivyo, iwe kuhusu Mirihi au kuhusu msitu wa jirani, aulizwe maswali manne. Nani atamtembelea? Rufaa yake itasikilizwa wapi? Atarudi lini? Nani atalipa nauli ya kumrudisha? Akishindwa kujibu hata moja, asituambie kwamba anatafuta gereza. Anatafuta mahali ambapo mtu anaweza kufa bila serikali kuulizwa, na mahali pa namna hiyo tunapaswa kupakataa kabla hapajajengwa, kwa sauti, tukiwa bado tuko karibu vya kutosha kusikika.